Ramani ya kiwanja ndani ya SketchUp na AutoCAD: njia nne zilizolinganishwa kwa kazi za Mwanza

Nyumba isipokaa vizuri kiwanjani, lawama humwangukia mchoraji au fundi aliyevuta kamba. Mara nyingi kosa limewatangulia wote wawili: ramani iliyolazwa chini ya mchoro haikuwa na kipimo tangu mwanzo. Ilikuwa picha, ikavutwa kwa macho mpaka ikafanana na kiwanja, na msingi ukachorwa juu yake.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne, na zote hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi: picha ya Google Earth Pro, kitufe cha Add Location cha SketchUp, ramani ya mtandaoni ndani ya AutoCAD, na QGIS, programu ya ramani, kama kituo cha kupitia kabla ya kuingia kwenye programu ya usanifu. Hukumu itangulie: QGIS ni ya kwanza, tena kwa mbali. Kuwa bure ni faida, lakini si sababu kubwa. Sababu ni kwamba kila faili unaloliingiza lina mfumo wake wa koodineti ulioandikwa, na programu inakudai uuseme. AutoCAD nayo inauliza, mara moja kwa mchoro mzima. Hizo mbili nyingine hazikuulizi kitu.

Namba za Mwanza

Hakuna programu itakayokuokoa kama hujui koodineti za eneo lako zinapaswa kuwa na sura gani. Mwanza, sawa na Musoma na Bukoba, iko kanda ya 36 Kusini ya UTM, yaani gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda. Longitudo ya kati ya kanda hiyo ni 33 Mashariki, na katikati ya jiji pako kilomita kumi na moja hivi magharibi yake. Kwa hiyo namba ya mashariki, yaani E, inazunguka 489,000, na namba ya kaskazini, yaani N, inazunguka 9,721,000 hadi 9,722,000. Ukishuka Buhongwa N inapungua, ukipanda kuelekea Igombe inaongezeka. Ukielekea Kisesa E inasogelea 500,000. Ukiona E yenye tarakimu saba, mtu amegeuza safu.

Tatizo ni kwamba mifumo miwili inatoa namba za sura hiyohiyo. Plani nyingi za upimaji za zamani zimeandikwa kwa Arc 1960, ambayo kwa kanda hii namba yake ya utambulisho ni EPSG 21036. Simu, GPS ya mkononi na picha za setilaiti hutumia WGS 84, yaani EPSG 32736. Mfumo mpya wa taifa, TAREF11, unakaribiana sana na WGS 84, kwa hiyo kwa mchoro wa usanifu pengo la kuogopa ni lile la Arc 1960 na hao wawili. Pengo hilo ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 80 mashariki-magharibi. Bikoni, yaani alama za kona za kiwanja, zilizoandikwa kwa Arc 1960 zikisomwa kama WGS 84, kiwanja kinahama kwenda kaskazini na kidogo magharibi, na kama kiko ufukweni, umbali huo unatosha kukizamisha ziwani. Urefu wa pande haubadiliki, eneo halibadiliki, umbo halibadiliki. Ndiyo maana kosa hili hupita mikononi mwa watu watatu bila kuonekana, mpaka mtu awashe picha ya setilaiti chini yake.

Kosa la pili ni la kiolezo kilichotoka Dar es Salaam. Kule ni kanda ya 37. Ukiingiza E 489,000 ya Nyegezi kwenye mchoro uliowekwa kanda ya 37, kiwanja kinaamkia upande wa Tsavo, Kenya. Afadhali hili, maana linaonekana hapohapo.

Google Earth Pro: inafaa ukurasa wa mbele tu

Ni bure, ni rahisi, na ina alama ya saa inayofungua picha za miaka ya nyuma. Kwa kijiramani cha kuonesha kiwanja kiko wapi kati ya barabara ya lami na shule, haina mpinzani. Kwa kuchora msingi juu yake, hapana.

Atakayeitumia afanye hivi. Ondoa tiki kwenye Terrain, bonyeza herufi U ili kamera itazame chini wima, kisha N ili kaskazini ikae juu. Asiyefanya hivyo anapata picha iliyoinama, ambayo mita moja ya upande wa juu ni fupi kuliko mita moja ya upande wa chini, na hakuna amri itakayoinyosha. Hata kamera ikiwa wima, kingo za picha hazina kipimo sawasawa na katikati, kwa hiyo kiwanja kikae katikati ya skrini na kingo zikatwe.

Kisha chora mstari kwa Ruler, uandike urefu wake, na uhifadhi picha mstari ukiwa unaonekana. Ndani ya AutoCAD ingiza picha kwa IMAGEATTACH, toa amri ya SCALE, chagua Reference, bofya ncha mbili za mstari, andika urefu. Urefu wa mstari huo ndio kila kitu. Ukikosea pikseli 2 kwenye mstari wa pikseli 100, umekosea asilimia 2, ambayo kwenye ukuta wa mita 30 ni sentimita 60. Kosa lilelile kwenye mstari wa pikseli 2,000 ni sentimita 3. Wengi hutumia upana wa geti au urefu wa gari lililoegeshwa, kisha wanashangaa fensi ya jirani inapoingia sebuleni.

Hata ukifanya yote hayo, kipimo kitakuwa sawa lakini mahali huenda pasiwe sawa. Picha ya setilaiti inaweza kukaa kando kwa mita kadhaa, hasa kwenye miteremko kama Bugando na Isamilo, kwa sababu picha hunyooshwa kwa kutumia data ya mwinuko isiyo na undani wa kutosha. Badilisha miaka kwa ile alama ya saa utaona nyumba ileile ikihama.

SketchUp: Add Location

Nenda File, Geo-location, Add Location, tafuta eneo, kata kipande, ingiza. Picha inatua ikiwa na ukubwa wake wa mita na kaskazini yake, pamoja na umbo la ardhi lililojificha ambalo unaweza kuliwasha. Kwa mchoro wa wazo la kwanza hakuna njia ya haraka kuliko hii, na vivuli vya jua vinakuwa vya Mwanza kweli. Hilo si dogo: kwenye latitudo hii jua la saa sita mchana mwezi Juni linakaa nyuzi 26 hivi kaskazini mwa utosi, na Desemba nyuzi 21 hivi kusini. Mapaa yanahitaji kivuli pande zote mbili, na modeli isiyo na mahali haitakuonesha.

Picha inaingia ikiwa imefungwa. Iache hivyo. Kishawishi cha kuifungua na kuivuta ili ilingane na mistari ya hati ndicho kinachoharibu kila kitu, kwa kuwa jua na kaskazini hubaki vya mahali pa kwanza wakati picha imehama. Kama mistari ya bikoni hailingani na picha, sogeza mistari kwa ajili ya kutazama tu, na uandike pembeni kwamba imesogezwa.

Udhaifu wake ni kwamba picha hii haijui bikoni zako, na inategemea intaneti wakati wa kuingiza. Pia DXF, faili la kubebea michoro kati ya programu, inaingizwa kwenye toleo la kulipia la mezani. Anayetumia lile la bure la mtandaoni atabaki na picha peke yake.

AutoCAD: nzuri kwa mwenye leseni na intaneti

Amri ni GEOGRAPHICLOCATION, na inahitaji uwe umeingia kwenye akaunti ya Autodesk. Weka alama mahali, kisha chagua mfumo wa koodineti kwenye orodha: UTM84-36S kwa WGS 84, au Arc 1960 kanda ya 36 Kusini kama plani yako ni ya zamani. Baada ya hapo GEOMAP inawasha picha ya angani nyuma ya mchoro, na AutoCAD yenyewe ndiyo inayoilinganisha na mfumo uliouchagua. Hapa bikoni ukiziandika kwa namba zake halisi zinakaa mahali pake. Ni kazi safi.

Pa kujikwaa ni kwenye swali la kizio. Msanifu huchora kwa milimita, mpima huandika kwa mita. Ukijibu milimita halafu ukabandika namba za mpima, kiwanja cha mita 30 kinakuwa cha sentimita 3. Angalia UNITS kabla, si baada. Na picha ya GEOMAP ni ya moja kwa moja kutoka mtandaoni. Kabla ya kwenda kuchapa, ikamate kwa GEOMAPIMAGE, la sivyo kifurushi kikiisha nyuma ya mchoro panakuwa patupu.

QGIS: hapa ndipo pa kukaa

Faili la kusakinisha ni kubwa, karibu GB 1 au zaidi, kwa hiyo tafuta intaneti ya ofisini. Baada ya hapo kazi nyingi hufanyika bila mtandao kabisa. Sura yake inatisha mtu aliyezoea SketchUp. Vitufe ni vingi na karibu vyote havikuhusu.

Anza na mfumo wa mradi. Kona ya chini kulia kuna maandishi ya EPSG. Bofya, andika 21036 au 32736. Fanya hivi hata kama unaona tayari kuna kitu, na ufanye tena baada ya kuweka tabaka (layer) la kwanza, kwa sababu tabaka la kwanza linapoingia mradi unachukua mfumo wa tabaka hilo. Ukianza na picha ya mtandaoni, mradi unakuwa Web Mercator, EPSG 3857.

Hapa pana mtego unaostahili aya yake. Watu husema Web Mercator haina shida karibu na ikweta, kwa kuwa ukuzaji wake unaongezeka ukienda mbali na ikweta. London kila kitu kinakuzwa mara 1.6. Kwa Mwanza ni nusu ya ukweli. Mashariki-magharibi, mita 100 zinasomeka mita 100.1. Kaskazini-kusini zinasomeka karibu mita 100.77, kwa sababu Web Mercator huichukulia dunia kama tufe kamili wakati dunia imebonyea kwenye ncha. Kwa hiyo picha iliyotoka kwenye ramani ya mtandaoni ina vipimo viwili tofauti. Ukiilinganisha kwa mstari wa mashariki-magharibi, upande wa mita 40 wa kaskazini-kusini unakuwa na sentimita 27 za ziada. Kibaya zaidi, kifaa cha kupimia cha QGIS kwa kawaida hupima juu ya umbo halisi la dunia na kukupa jibu sahihi hata mradi ukiwa 3857. Unapima, unaridhika, unatoa faili, na faili limepinda. Kwenye dirisha la kupimia badili kutoka Ellipsoidal kwenda Cartesian na uone kama namba inaruka. Ikiruka kwa sentimita nne tu katika mita 100, uko UTM. Ikiruka kwa makumi ya sentimita upande wa kaskazini, rudi ukabadili mfumo.

Mfumo ukishatulia, ingiza bikoni. Usizichore. Andika safu tatu kwenye faili la CSV: jina la bikoni, E, N. Kisha Layer, Add Layer, Add Delimited Text Layer. X ni E, Y ni N, na mfumo uwe ule ulioandikwa kwenye plani. Baadhi ya plani hutanguliza N, kwa hiyo soma kichwa cha jedwali badala ya kukariri mpangilio. Usiweke alama ya mkato ya maelfu ndani ya namba, maana CSV itaikata vipande.

Hakiki kwa kikokotozi kabla ya kuendelea. Tuseme bikoni moja iko E 489120.40, N 9721655.10 na inayofuata E 489148.90, N 9721664.30. Tofauti ni 28.50 na 9.20, mzizi wa jumla ya miraba yake ni mita 29.95. Plani ikiandika 29.95 kwenye upande huo, umeandika sawa. Ikiandika 29.59, kuna tarakimu zimebadilishana nafasi, kwako au kwenye plani, na hilo linaulizwa kwa mpima kabla mchoro haujaenda mbele.

Kama jedwali la koodineti halipo na una karatasi tu, tumia Georeferencer, kifaa cha QGIS cha kuipa picha koodineti. Picha ya simu haifai, inapinda pembeni. Tafuta skana ya kulalia, nukta 300 kwa inchi. Weka alama kwenye makutano ya gridi au bikoni zenye namba, angalau nne, moja kila kona ya karatasi na si nne zote zilizojazana kwenye kiwanja. Aina ya mabadiliko iwe Polynomial 1, maana karatasi iliyokaa miaka kabatini haisinyai sawasawa pande zote mbili, na Helmert hulazimisha kipimo kimoja kwa pande zote. Polynomial 1 inatosheka na alama tatu, lakini kwa tatu makosa yote yanasomeka sifuri na hujui chochote. Alama ya nne ndiyo inayosema ukweli. Lenga kosa la chini ya pikseli 2. Ukiwa na alama sita au zaidi, na moja ikawa na pikseli 30 wakati nyingine zina 10, kwa kawaida hiyo ya 30 ndiyo iliyoandikwa vibaya.

Na usitarajie miujiza kutoka kwenye karatasi. Plani ya 1:2,500 ikiskaniwa kwa nukta 300, pikseli moja ni sentimita 21 za ardhini. Mstari wa wino wenye unene wa milimita 0.3 una sentimita 75. Ukibofya ukingo wa kushoto wa mstari badala ya wa kulia umehamisha mpaka wa mtu zaidi ya nusu mita. Karatasi inakuonesha umbo na majirani. Vipimo vinatoka kwenye namba zilizoandikwa.

Kutoa sasa. Hapa QGIS inashinda, lakini pia hapa ndipo wengi wanaitupa, kwa sababu DXF ikifika SketchUp modeli inaanza kutetemeka, nyuso zinakatika ukizungusha, na mistari inaruka. Chanzo ni ukubwa wa namba. Kadi ya picha huhesabu kwa tarakimu chache, na kwa namba kubwa kuliko 8,388,608 haiwezi kutofautisha chini ya 1. N ya Mwanza ni zaidi ya milioni tisa na laki saba. Revit, programu nyingine ya usanifu, nayo hulalamika kitu kikiwa mbali mno na asili yake ya ndani, na hapa tunazungumzia maelfu ya kilomita.

Dawa ni kupunguza namba nzima kabla ya kutoa. Kwenye Processing kuna Translate: weka X −489000 na Y −9721000, na bikoni ya juu inakuwa 120.40, 655.10. Toa tabaka hilo kama AutoCAD DXF. Andika namba hizo mbili za kupunguza kwenye kisanduku cha jina cha kila ukurasa, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu siku mpima atakapokuja kuhamishia nyumba ardhini atazihitaji ili arudi kwenye koodineti zake. Namba ziwe nzima, anayepunguza 489,120.40 ili kona moja ikae sifuri anamtafutia mwenzake kazi ya kukosea.

SketchUp ikiuliza kizio cha DXF, bofya Options, chagua mita, na weka tiki kwenye Preserve drawing origin. Usiache kizio cha modeli, utarudi kwenye kiwanja cha sentimita 3.

Kwa picha ya nyuma, tumia Project, Import/Export, Export Map to Image. Andika mipaka kwa namba nzima, kwa mfano magharibi 488900, mashariki 489300, kusini 9721500, kaskazini 9721900. Hiyo ni mita 400 kwa 400. Weka pikseli 4,000 kila upande ili pikseli moja iwe sentimita 10. Usizidishe sana, SketchUp huweza kupunguza picha kubwa. Kisha rudi uangalie namba za mipaka kabla ya kuhifadhi, maana kubadili pikseli huweza kuisogeza. Ndani ya SketchUp chora mstatili kutoka -100, 500 hadi 300, 900, ingiza picha kama Texture, bofya kona hadi kona. Hakuna kuvuta kwa macho, hakuna kulinganisha. AutoCAD ya kawaida haisomi lile faili dogo la mahali linaloambatana na picha, kwa hiyo huko nako ingiza picha kwa kona ya -100, 500 na upana wa 400. AutoCAD Map 3D inalisoma, kwa amri ya MAPIINSERT.

Majengo ya jirani unaweza kuyatoa OpenStreetMap bure, au kupitia CADmapper, ambayo inatoa DXF bila malipo hadi kilomita moja ya mraba. Kwa modeli ya mazingira ni nzuri sana. Lakini majengo hayo yamechorwa juu ya picha za setilaiti, kwa hiyo unachopata ni paa. Ukuta uko ndani kwa sentimita 60 hadi 90 za upenuo. Anayepima umbali kati ya majengo kutoka hapo anapunguza nafasi pande zote mbili.

Mlima, mawe na maji

Umbo la ardhi ndiyo sehemu dhaifu ya njia zote nne, na Mwanza si mji wa kusamehe hilo. Data ya mwinuko ya bure, iwe SRTM au Copernicus, ina kipimo kimoja kwa kila mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina 600. Kiwanja chako chote, pamoja na jabali la ukubwa wa nyumba lililokaa katikati yake, kimekuwa namba moja au sehemu ya mbili. Programu italainisha kati ya namba hizo na kukupa mteremko mzuri usiokuwepo. Tumia umbo hilo kuona mandhari na mwelekeo wa maji ya mvua kwa kilima kizima. Kwa ngazi, kuta za kushikilia udongo na kina cha msingi, lipia mpima achukue viwango, na mwambie achukue pia mzingo wa kila jiwe kwa chini na kwa juu.

Kwa viwanja vya ufukweni kuna mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. QGIS inachora ukanda huo kwa Buffer, mradi tabaka la ukingo liwe UTM; likiwa la nyuzi, EPSG 4326, ukiandika 60 umeomba nyuzi 60 na ukanda utafunika Afrika nzima. Lakini ukingo wenyewe umeutoa wapi? Ziwa lilipanda zaidi ya mita moja kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020, likapanda sana tena 2024. Penye mteremko wa 1 kwa 20, mita moja ya maji ni mita 20 za ufukwe. Picha ya 2018 na ya 2020 zitakupa mistari miwili ya kujengea tofauti kabisa. Tazama tarehe ya picha. Kama haionekani, sogea mpaka Kigongo–Busisi, penye daraja la ziwani, ingawa picha ya huko huenda si ya siku moja na ya kiwanja chako. Kama nguzo za daraja hazipo, huenda picha ni ya kabla au ya mwanzoni mwa ujenzi ulioanza 2020, na ukingo uliouchora huenda ni wa ziwa la zamani. Hata hivyo mstari huo ni wa kupangia tu. Anayeamua ukingo ni mamlaka, ardhini.

Sentimita mbili zisizotafutwa

Fundi akipima upande ule wa 29.95 kwa utepe atapata karibu 29.97. Hakuna aliyekosea. Karibu na longitudo ya kati UTM hufupisha umbali kwa sehemu 0.0004, na kwa kuwa ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kuna ufupisho mwingine wa karibu 0.00018. Jumla ni sentimita 5.8 kwa kila mita 100, na milimani inaongezeka kidogo. Kwa nyumba ya kawaida achana nayo. Kwa ghala refu la Nyakato lenye nguzo za chuma zilizokwisha kukatwa kiwandani, chora jengo kwa vipimo halisi, uliweke juu ya ramani kwa kona moja na mwelekeo mmoja, usilikuze wala kulipunguza ili lilingane na bikoni zote.

Hatua ya mwisho ni stesheneri. Sanduku la kuchapa la PDF huja likiwa kwenye Fit, na Fit hupunguza ukurasa kwa asilimia chache ili pembeni pabaki peupe. Mwambie mchapaji aweke asilimia 100, na weka kwenye mchoro mstari wa kipimo wenye urefu wa sentimita 10 kamili. Ukikabidhiwa karatasi, weka rula juu ya mstari huo pale kaunta, kabla ya kulipa.